Mashine Ilikuwa Nzima

Siku hiyo stendi ya Kibiti ilikuwa imefurika. Mabasi mawili ya Dar es Salaam yalikuwa yameingia kwa kufuatana, makondakta wanaita abiria, wauza machungwa wanagombea madirisha, na marobota ya mitumba yanashushwa kutoka kwenye keria. Katika msukumano huo tenga la kaa lilimponyoka msichana mmoja, likaanguka mbele ya kibanda cha fundi redio na kupasuka ubavu. Kaa watatu waliolegea kamba zao wakakimbilia ndani.

Fundi mwenyewe, kijana aliyeitwa Nassibu, alikuwa ameinamia redio kaseti aliyoifungua tumbo. Alipoona dude jeusi limemwinulia magando karibu na mguu wake, alijikuta yuko juu ya stuli.

"Shuka, kaka yangu," msichana alimwambia kutoka mlangoni. "Huyo hali watu."

Alikuwa amevaa gauni la maua ya zambarau, khanga imemteleza mabegani, na jasho la safari linamng'aa puani. Akapiga magoti kati ya spika na nyaya, akawadaka kaa mmoja mmoja kwa nyuma, akawafunga upya kwa ukindu, ncha moja ameing'ata kwa meno. Nassibu alishuka taratibu, akijifanya amepanda kutafuta kitu.

"Wewe si mtu wa majini," msichana alisema.

"Mimi Mmatumbi. Kwetu milimani huko, maji tunayaona kwenye ndoo."

Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Jina lake Mwanamina, mzaliwa wa Kiongoroni, kule delta inakokutana na bahari. Biashara zilikuwa zimefunguliwa miaka ile, wanunuzi wa kaa na kamba wakawa wanakuja na barafu kutoka Dar, naye alikuwa amehamia Kibiti kwa shangazi yake Zabibu ili auze mzigo wa kwao bila kupitia mikono ya watu. Tangu siku hiyo matenga yake yakawa yanahifadhiwa kibandani kwa Nassibu. Wiki haikupita kabla jirani hawajaanza kukohoa kila alipopita.

Walipendana kwa maneno mengi na vicheko. Mwanamina akienda Dar kuuza kamba wakavu, alipiga simu kwenye duka la jirani, na Nassibu akaitwa mbio, bisibisi bado mkononi.

"Umekula?" Mwanamina aliuliza.

"Nitakulaje na wewe hupo, roho yangu?"

"Muongo. Nakusikia unatafuna."

"Ni muhogo tu. Huo si chakula, huo ni kuliwaza tumbo."

Mwenye duka akawa anajifanya anahesabu vibiriti huku masikio yamesimama.

Nassibu alipotuma wazee kwenda kuposa, walisafiri kwa pikapu hadi Nyamisati, kisha wakalala gatini wakingoja mashua ya mizigo ijae. Walifika Kiongoroni wamechoka, wameloana. Mzee Bwanaheri, baba yake Mwanamina, aliwapokea vizuri, akawalisha wali wa nazi na samaki, akapokea posa. Lakini alikuwa na neno moja. Kwamba yeye hana ugomvi na kijana, ila binti yake ndiye macho yake. "Siku nikiugua," aliwaambia wazee, "mwanangu atanifikiaje? Atakaa Nyamisati kungoja magunia ya watu? Mwambieni kijana atafute njia ya kumleta mwenyewe. Akija naye kwa mkono wake, nitawaozesha siku hiyohiyo."

Wazee walirudi wakiona mzee amewadharau. Nassibu hakuona hivyo. Alikwenda Nyamisati, na nyuma ya ghala la kampuni moja ya kamba iliyokwisha kufungwa akaiona boti ya faiba iliyoegeshwa juu ya magogo. Rangi yake ilikuwa imebabuka, nyufa zimechora ubavu mzima, na kuku wa jirani walikuwa wanataga ndani yake. Mashine ilikuwa imelazwa ghalani, imefunikwa gunia. Nassibu, ambaye hajawahi kupanda chombo hata cha kuvuka mto, aliinunua.

Mwanamina alipoambiwa alishika kiuno. "Umenunua boti au umenunua banda la kuku?"

"Mashine ni mashine," Nassibu alijibu. "Redio na hiyo tofauti yake ni kelele."

Wakaanza kazi. Alipatikana fundi wa palepale Nyamisati aliyeitwa Sadala, mtu mpole, mzito wa maneno. Nassibu alifunga kibanda chake kila Alhamisi jioni, akashinda huko Ijumaa na Jumamosi. Walikwangua magamba ya chaza yaliyokauka chini ya boti, wakasugua kwa msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe, wakaziba nyufa kwa faiba na gundi iliyowatoa machozi. Mashine waliifungua kipande kwa kipande, wakaosha kabureta kwa mafuta ya taa, wakabadili plagi na pampu ya maji ya kupoozea. Mwanamina alikuja na chakula ndani ya hotpoti, akafunga khanga kiunoni, akashika msasa naye. Mara nyingine alisimama nyuma ya boti palepale nchi kavu, mkono kwenye usukani, akajifanya anapinda kona za mikoko.

"Huku kushoto kuna tope, baba. Utalala hapo mpaka maji yajae," alimtania.

"Nitalala na wewe?"

"Utalala na mbu."

Siku walipofunga mashine kwenye pipa la maji ikawaka, ikatetemesha pipa na kumwaga moshi wa buluu, Mwanamina alimkumbatia Nassibu mbele ya watu, kisha akaona haya na kukimbilia kwenye kivuli. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yao njema kuliko zote.

Siku chache baadaye, Mwanamina akiwa Dar, Nassibu na Sadala waliishusha boti majini kuijaribu. Maji yalikuwa yanakupwa. Walipofika katikati ya mto mashine ikazima, na mkondo ukawabeba kama jani. Sadala hakutaharuki; alifungua kifuniko, akapuliza mrija wa mafuta, akafunga, akavuta kamba, ikawaka. Haikuwa muda mrefu. Lakini Nassibu aliona kingo za mikoko zikirudi nyuma pande zote mbili, akaona maji ya rangi ya chai yasiyo na chini. Alikaa sakafuni mwa boti, ameshika ubao kwa mikono miwili, hawezi kusimama. Ilibidi Sadala ambandue vidole walipofika gatini.

"Usimwambie Mwanamina," Nassibu alimwomba.

Sadala alisema ni jambo la kawaida, kwamba kila mtu ana siku yake ya kwanza, na kesho wangerudi. Nassibu hakurudi kesho wala kesho kutwa. Badala yake alinunua rangi nyeupe na ya buluu. Boti ilipopakwa, akasema inahitaji viti vyenye magodoro. Vilipopatikana viti, akataka paa la turubai. Mwanamina alimuuliza watakwenda lini kwa baba, naye akamjibu kwamba hataki kumpeleka binti wa watu kwenye chombo kisichokamilika. Mwanamina alilipenda jibu lile. Alilirudia kwa shangazi yake akijivuna.

Kisha simu ikalia dukani, asubuhi moja.

"Nassibu, baba amezidiwa." Sauti ya Mwanamina ilikuwa ndogo, kelele za Kariakoo zinaimeza. "Wamekuja watu wa kwetu hapa, wanasema hali kitu. Ananiita. Napanda basi sasa hivi. Utanikuta Nyamisati?"

"Njoo, mpenzi. Mimi natangulia."

"Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya kazi."

Alitangulia kweli, na njiani nia yake ilikuwa safi. Lakini gatini aliambiwa Sadala amekwenda Kibiti kutafuta vipuri. Nassibu akakaa peke yake kando ya boti yake nyeupe, akiyatazama maji yanavyopita, na kila alivyozidi kuyatazama ndivyo alivyozidi kujisogeza nyuma. Mwanamina alipofika, buibui limejaa vumbi la barabara, mfuko mmoja tu mkononi, alikwenda moja kwa moja kwenye boti akaanza kufungua kamba.

"Mashine imegoma," Nassibu alisema nyuma yake.

Mwanamina aligeuka. "Asubuhi si umeniambia inafanya kazi?"

"Imegoma leo hii. Nimejaribu."

Akaifunga tena ile kamba. Mashua ya mizigo ilikuwa inasubiri, unga na sabuni ndani, nahodha anangoja maji. Mwanamina akakunja buibui, akaingia topeni mpaka magotini, akapanda. Nassibu alisimama gatini mpaka tanga likapotea kwenye kona.

Jioni Sadala alirudi. Alipoambiwa mashine ina kasoro alishangaa, akavuta kamba mara moja tu, ikanguruma.

"Mashine nzima hii," alisema. Akamtazama Nassibu, akaelewa. "Twende tuwafuate. Hawajafika mbali, upepo mdogo."

Nassibu alijiona akifika ubavuni mwa mashua ile, akamwona Mwanamina anainua uso. Atamwambia nini? Alimjibu Sadala kwamba wameshakwenda, haina maana tena. Sadala akaiacha mashine ingurume kidogo, kisha akaizima.

Mwanamina alifika kwao kesho yake. Wanaume walikuwa wanarudi makaburini. Aliambiwa kwamba mzee aliita jina lake mpaka sauti ilipokatika. Na watu wa Nyamisati waliokuja kwenye hitima wakasema, bila nia mbaya, kwamba jioni ile waliisikia boti ya yule Mmatumbi ikinguruma gatini. Baada ya arobaini, shangazi Zabibu aliingia kibandani kwa Nassibu na kurudisha vitu vya posa, vimekunjwa vizuri. Nassibu alijaribu kumweleza. Shangazi alimwambia, kwa upole, kwamba Mwanamina hatarudi Kibiti, na asihangaike kumtafuta.

Ndipo alipojifunza kuendesha boti. Alimrudia Sadala na kumwambia ukweli wote, wakaanza kwenye maji ya kina cha kiuno, kama mtoto anayefundishwa kutembea. Alitapika, aliloa, alikwama topeni na kulala na mbu. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Hofu haikuisha, alizoea tu kusafiri nayo. Mwaka ulipokaribia kutimia, asubuhi moja maji yakiwa yamejaa, aliwasha mashine akaenda Kiongoroni peke yake.

Alimkuta Mwanamina kwenye jamvi, anaanika kamba, mama yake Bi Johari kando yake. Mwanamina alikuwa amekonda, amevaa khanga mbili za rangi iliyopauka. Nassibu alimwamkia Bi Johari shikamoo, akaitikiwa, akakaribishwa maji. Aliomba kuonyeshwa kaburi. Walikwenda watatu, akasoma fatiha. Waliporudi, Bi Johari alijitia ana kazi jikoni.

"Mashine ilikuwa nzima," Nassibu alisema.

"Najua. Kijiji kizima kinajua."

"Niliogopa maji, Mwanamina. Siku ya kuijaribu boti nilikaa chini nikashindwa kusimama. Viti, rangi, turubai, vyote nilikuwa najificha. Siku ile Sadala hakuwepo, nikashindwa kukwambia."

Mwanamina aliacha kuchambua kamba.

"Mwaka mzima," alisema, "nimeamini uliihurumia rangi ya boti yako isikwaruzwe na mikoko. Nimekuchukia kwa hilo, Nassibu. Nimelala nalo, nimeamka nalo."

"Si hivyo."

"Sasa nasikia." Akamtazama usoni. "Mimi nimeshika usukani tangu sijaota meno ya ukubwa. Baba ndiye aliyenifundisha. Ungeniambia unaogopa, ningeendesha mimi."

Katika yote ambayo Nassibu alijilaumu nayo mwaka mzima, hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

"Na mimi sikukuuliza," Mwanamina aliendelea. "Nilitosheka na maneno ya watu. Hilo langu."

"Basi tuanze upya, mpenzi. Nimekuja mwenyewe, kwa mkono wangu, kama alivyotaka mzee."

Mwanamina alitikisa kichwa. Alimwambia kwamba Haidari, mfanyabiashara wa nguzo za mikoko wa kijiji cha ng'ambo, amemposa, na mama amekubali, na yeye amekubali. Ndoa ni Mfungo Sita. Ni mtu mwema. Ndiye aliyechimba kaburi. "Nimeshatoa neno, Nassibu. Wewe unajua neno lisilotimizwa lilivyotuponza. Siwezi kulirudisha."

Alisema hivyo machozi yanamtiririka, hakuyafuta.

Maji yalianza kupungua. Bi Johari alitoka jikoni, akasema walikuwa wanakwenda kumwona dada yake mgonjwa huko mbele, kama Nassibu atawasogeza. Walipofika ufukweni Mwanamina hakungoja kuambiwa. Alivua viatu, akapita nyuma ya boti.

"Nipe," alisema. "Maji haya madogo, wewe njia ya kutokea hapa huijui."

Nassibu akakaa mbele, kwenye kiti cha abiria ambacho godoro lake alilishona mwenyewe. Mwanamina aliwasha kwa mvuto mmoja. Alipita kati ya mizizi ya mikoko bila kugusa hata tawi, akapunguza moto penye kina kidogo, akaongeza penye upana, macho mbele, khanga inapepea. Nassibu alimtazama mpaka aibu ikamzidi, akageukia maji.

Penye nyumba mbili tatu za makuti alisogeza boti ukingoni. Bi Johari alishuka kwanza, akamwombea Nassibu heri. Mwanamina alibaki kidogo, ameshika mkono wa mashine uliokuwa bado unatetemeka, kisha akampa Nassibu na kushuka.

"Kutoka hapa mto ni mpana. Shika katikati, usiangalie nyuma mpaka uvuke ile kona. Kuna kisiki."

"Mwanamina."

"Nenda, Nassibu. Maji yanakwenda."

Akaenda. Alitaka kugeuka amwone, lakini mkondo ulikuwa unavuta na kisiki kilikuwa kweli kipo, kimetoa kichwa upande wa kulia, na ilibidi macho yakae mbele. Alipovuka kona ndipo alipogeuka. Nyuma yake palikuwa na mikoko tu, na mstari mweupe wa povu uliokuwa ukifutika majini.