Tiki Tatu Juu ya Paa

Kengele ya mwisho ikilia, wenzangu hukimbilia nyumbani. Mimi hupanda ngazi. Ni ngazi sabini na mbili kutoka darasani hadi juu ya paa la shule, na nazijua moja moja kwa visa vyake. Jina langu la utani ni Betri, kwa sababu naongea bila kuisha chaji. Lakini juma lile, hata betri ilikuwa imebaki na mstari mmoja.

Shangazi yangu ni fundi wa faiba, yaani nyaya zenye uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga uliobeba habari. Shule yetu ilikuwa na intaneti. Zahanati iliyo ng'ambo ya barabara kuu haikuwa nayo. Kila mara nesi alipotaka kumtumia daktari wa mbali picha ya kidonda, alikatiza kati ya malori kuja kwetu, huku wagonjwa wakimsubiri kwenye benchi. Kuchimba barabara kulikatazwa. Basi shangazi akaamua kuurusha mwanga: utoke kwenye ncha ya faiba juu ya paa letu, upite kwenye lenzi, uvuke hewani, udakwe na lenzi ya upande wa pili. Faiba ilikuwa masalio ya kazi nyingine, na lenzi zilishikwa na mabomba ya plastiki. Kipimo cha mwanga tu ndicho kilikuwa cha kuazima, na Ijumaa jioni kilitakiwa kirudi kwenye chuo cha ufundi kilikotoka. Bila kipimo, huwezi kulenga.

Kwa kuogopa mvua, kila jioni tulichomoa faiba na kuifunika. Kila siku kabla ya kuichomeka nilitakiwa nizime taa yake, nifute ncha kwa kitambaa chenye spiriti, niikague kwa kioo cha kukuzia, kisha niweke tiki kwenye daftari.

Jumatano nilifika juu hoi, nikakumbuka kitambaa kimebaki darasani. Nishuke tena? Niliiangalia ncha, ikang'aa. Nikaipangusa kwa kidole, nikaipuliza, nikachomeka. Nikaweka tiki ya kupendeza, yenye mkia. Alhamisi kitambaa kilikuwemo mfukoni, lakini kukitoa kulionekana kazi. Tiki. Ijumaa hata sikuwaza. Tiki.

Ijumaa hiyo shangazi alikuwa juu ya paa la zahanati na kipimo chake, akikaza na kulegeza skrubu za lenzi kwa siku ya tatu. Mshale wa kipimo haukupanda. Chini uwanjani, mwenzangu tunayemwita Spika alipaza sauti: "Fundi Betri! Mwanga wenu umekwama kwenye foleni?"

"Unakusubiri wewe umalize hesabu za jana!" nilimjibu, lakini utani wenyewe ulitoka umechoka.

Simu ikaita. "Ncha iko safi?" shangazi aliuliza.

"Safi, shangazi. Nimeweka tiki."

"Basi kosa ni langu." Alivuta pumzi ndefu. "Chomoa, mwanangu. Tushushe vitu. Nimeshindwa."

Nyuma yake nilisikia sauti ya nesi: "Usijali, dada. Nitaendelea kuvuka. Miguu imezoea."

Nilitazama ng'ambo. Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo, amevua viatu, anajikanda magoti. Magoti yale yalikuwa yamepanda na kushuka siku tatu kutafuta kosa ambalo nilikuwa nimekaa nalo huku.

"Shangazi," nilisema, "sijaifuta."

"Leo?"

"Tangu juzi. Niliishika kwa kidole."

Malori matatu yalipita, nikayahesabu.

"Zima taa," alisema hatimaye. "Futa. Uangalie mwenyewe."

Nilizima, nikaangalia kwa kioo cha kukuzia. Mistari ya mafuta ya kidole changu ilikuwa imetanda juu ya ncha, na katikati, pale mwanga unapotokea, punje ya vumbi imejilaza kama iko kwao. Nilifuta, nikakagua, nikafuta tena. Nikachomeka na kuwasha.

"Unapanda!" nesi ndiye aliyepiga kelele. "Mshale unapanda!"

Dakika kumi baadaye, picha ya mguu wa mzee mmoja ilimfikia daktari bila nesi kuvuka barabara.

Shangazi alivuka barabara na kupanda ngazi zote sabini na mbili. Alipofika hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alifungua daftari, akanipa kalamu. Nilikata tiki zangu tatu, moja baada ya nyingine, pamoja na mikia yake.

"Mimi siwezi kuwa juu ya mapaa mawili kwa wakati mmoja," alisema. "Tiki yako ndiyo macho yangu huku. Ukichoka, sema umechoka, nitangoja. Lakini usiandike kazi ambayo mkono wako haukufanya, maana kuna mtu atachoka mara mbili kwa ajili yake."

Jumatatu nilipofika ngazi ya sabini, nilijipapasa mfukoni. Kitambaa kilikuwa darasani. Niliketi, nikailaumu dunia nzima na aliyebuni ngazi.

Kisha nikashuka.