Mgombea Kwenye Kiti cha Msusi

Kila asubuhi Mama Chanuo hufungua banda lake la kusuka, hufagia nywele za jana, kisha hupanga viti. Mtaa mzima unamjua kwa vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Lakini kuelekea uchaguzi uliopita mdomo ulikuwa umepoa. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa jioni, akakuta zahanati imefungwa. Mtoto alifia njiani wakielekea hospitali ya mbali.

Siku moja alikuja mteja wake wa miaka mingi, Mwalimu, ambaye sasa alikuwa akigombea ubunge.

"Kura yangu unayo, shoga," Mama Chanuo alisema akigawa nywele. "Kichwa hiki nakijua. Ukishinda niletee tu mashine ya kukaushia nywele."

"Hiyo ndogo! Nitaleta. Na barabara, na soko, na uwanja wa mpira."

Jirani yao, mkunga mstaafu, alikuwa akisubiri zamu yake. Alicheka mpaka miwani ikateleza.

"Mama Chanuo, hiyo mashine itafungua zahanati usiku?"

Vidole vya Mama Chanuo vilisimama.

"Mbunge si tajiri wa kutugawia zawadi," mkunga aliendelea. "Kazi yake ni kutusemea bungeni, kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuibana serikali. Anayegawa vitu ili achaguliwe ananunua kura, na hilo ni kosa. Muulize amefanya nini na ataanza na lipi."

Mwalimu alitazama saa. "Tutaongea siku nyingine, dada zangu. Nina haraka."

"Haraka ya wapi?" Mama Chanuo aliuliza. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimesimama wima. "Toka hivyo hivyo, wapiga kura wakuone."

Mwalimu alijishika kichwa, akaishia kucheka. "Haya, niulizeni."

"Kwamba umezaliwa mtaa wa nyuma tunajua," Mama Chanuo alisema. " Hata mimi nimezaliwa huko. Umefanya nini?"

"Shule yetu haikuwa na vyoo vya wasichana. Niliwakusanya wazazi, tukaenda halmashauri tena na tena, mpaka wakatuchoka. Leo vyoo vipo."

"Vipo, nimeviona," mkunga alikubali.

"Na bungeni utaanza na lipi? Taja moja," Mama Chanuo aliuliza.

"Barabara, soko..."

Mama Chanuo alivuta msuko. "Aii!" Mwalimu alilia.

"Nimesema moja." Kisha sauti yake ilibadilika. "Mjukuu wangu alifia njiani, Mwalimu. Mazikoni ulikuja. Nataka zahanati iwe wazi usiku na mchana."

Mwalimu aliona aibu, na haikujificha.

"Nitaanza na hilo. Lakini sitakudanganya, halitakuwa jambo la mwezi mmoja. Linahitaji wauguzi na fedha za serikali. Mimi nitalisemea, na nyinyi msiache kunifuatilia. Ila mashine yako siileti."

"Wala siitaki tena."

Mama Chanuo na mkunga walipita nyumba kwa nyumba, wakiwafundisha majirani maswali hayo. Wagombea wote waliokuja mtaani waliulizwa maswali yale yale. Mmoja alileta sabuni za kugawa, akarudi nazo.

Mwalimu alishinda. Bajeti ya kwanza ilipita bila zahanati yao, na Mama Chanuo alikasirika sana. Hakukata tamaa. Aliwaongoza majirani hadi ofisi ya mbunge, wakamkumbusha. Bajeti iliyofuata ilileta wauguzi. Sasa taa ya zahanati haizimwi usiku, na humo ndimo binti yake alimojifungulia mtoto wa kike mwenye mapafu ya kupigia kelele mtaa mzima.

Juzi mbunge alirudi kwenye kiti kile kile. Mtoto yule alilala mapajani mwake.

"Leo nisuke bila maswali," aliomba.

Mama Chanuo alisuka nusu ya kichwa, akaweka chanuo chini.

"Haya, mheshimiwa. Sasa tuambie habari ya maji."