Geji ya Kushoto

Mdomo wa bastola ya Makarov ulikuwa umemgusa rubani ubavuni tangu walipoiacha ardhi.

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Futi elfu nne.

Ndege ilikuwa Cessna 206 iliyomzidi umri rubani wake. Nyuma, palipong'olewa viti, yalilala masanduku mawili marefu ya kijani.

Mafundi wa uwanjani walimwita rubani huyo Kijiti. Kabla ya kila safari alipanda hadi juu ya bawa, akafungua tangi na kuchovya kijiti chenye alama ili aone mafuta kwa macho yake. Walimcheka. Akawajibu kwamba geji ya ndege ndogo husema kweli siku mbili tu: siku ya kununuliwa na siku ya ajali.

Hawakujua kwamba Kijiti ni jasusi wa Idara ya Usalama, wala kwamba kwa miezi minane alikuwa amejipenyeza kwa wasafirisha magendo.

Amri ya asubuhi kutoka kwa Mkuu wa Idara ilikuwa fupi.

"Mzigo usifike."

Mwenye bastola, mkubwa wa magendo aliyeitwa Kocha, alikuwa akiongea kwenye simu ya setilaiti ya Thuraya.

"Dakika ishirini na tano tupo hapo. Mirija yote miwili ya makombora, ndiyo. Mnaitungua ile ya abiria, ya saa kumi na dakika kumi. Ikipita juu ya kilima chenu itakuwa bado iko chini."



Mama yake Kijiti alikuwa abiria wa ndege hiyo.

Miaka kumi na mitano alikataa kupanda. "Mwanangu, kitu kisichoweza kusimama pembeni nikashuka, mimi sipandi." Kijiti alimbembeleza, akamtania, akamchorea mabawa kwenye karatasi, mpaka bi mkubwa akakubali. Tangu saa nne asubuhi alikuwa ameketi uwanjani, mkoba mapajani.

Na simu ya Kijiti ilikuwa mfukoni mwa Kocha. Redio ilikuwa imezimwa.

Aitumbukize ndege ardhini, wafe wote wawili na mirija yao? Alilifikiria. Alianza hata kutafuta mahali pasipo na nyumba, huku akimwomba mama msamaha kimoyomoyo.

"We," Kocha akasema ghafla. "Mbona mshale wa kushoto uko sifuri?"

Mshale huo ulikufa kabla Kijiti hajapewa ndege. Lakini Kocha alikulia kwenye malori, na mtu wa malori huamini geji kuliko anavyomwamini mkewe.

Kijiti akalimeza jibu la kweli.

"Sifuri? Nani kajaza mafuta leo?"

"Si ni wale mafundi wako!"

"Mungu wangu."

Kijiti akainama na kuigonga geji kwa kidole. Mkono mwingine ukashuka sakafuni, ukafunga valvu ya mafuta.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena.

Ikazima.

Rubani yeyote anajua kwamba ndege ndogo haianguki kama jiwe injini ikizima. Ukiwa futi elfu nne bado una kama kilomita kumi za kuteleza. Ila abiria huwa hawajui hilo, na Kocha alikuwa abiria.

"Tunakufa!" Bastola ikamponyoka, akashika dashibodi kwa mikono miwili. "Waite watu! Waite, mwanaharamu wewe!"

Akaiwasha redio yeye mwenyewe.

Kijiti aliisukuma Makarov chini ya kiti chake kwa kisigino.

"Mnara, mnara. Injini imezima. Niko kati ya mto na machimbo ya kokoto. Nina mirija miwili ya kutungulia ndege. Zuieni ya saa kumi na kumi!"

Redioni, mikwaruzo tu.

"Umesema nini?" Kocha akageuka.

Kijiti alifungua valvu na kuwasha pampu. Sasa injini ingewaka, angegeuza ndege arudi.

Haikuwaka.

Akajaribu tena. Kwa joto lile, mabomba ya mafuta yalikuwa yamejaa mvuke na kuziba. Futi elfu moja. Kocha akamrukia shingoni. Mfa maji haachi kutapatapa. Kijiti alimpiga kiwiko puani, akaona shamba lililovunwa, akaikandamiza pua ya ndege kulifuata. Jasho lilimwingia machoni. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Magurudumu yakagonga. Gurudumu la mbele likavunjika, Kocha akarushwa kwenye kioo, vumbi likafunika kila kitu.



Kijiti alimfunga Kocha, aliyezirai, kwa mkanda wa kiti. Akachukua simu yake mfukoni mwa Kocha, akakalia masanduku, bastola mkononi. Kilima kilikuwa mbali, na mzigo haukufika.

Helikopta ya jeshi ilitua baada ya robo saa. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umemsikia, ila jibu halikumfikia. Mkuu akapiga simu.

"Mzigo?"

"Uko chini."

"Ndege yetu?"

"Imevunjika mguu."

"Utaandika maelezo."

Saa kumi na moja na nusu ndege kubwa, iliyocheleweshwa na kupewa njia nyingine, ilipita mbali upande wa mto. Kijiti aliiangalia mpaka ikatoweka, akalia bila kujificha, askari wakatazama pembeni.

Jua likielekea kuzama, simu ikaita tena.

"Mwanangu, nimefika! Tumechelewa tu, eti mambo ya ufundi. Kumbe hakuna kitu. Hata soda nimekunywa. Nilivyokusumbua miaka yote hii!"

"Nilikuambia, mama."

"Na wewe, leo umeruka?"

Kijiti alivaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban na kuanza kutembea kuelekea barabarani.

"Kidogo tu, mama."