Waliotolewa Kundini

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Amu, kisha jua likatoka. Huwaida alisali, akafagia ua, halafu akaomba simu ya mamake afungue kundi la mtandaoni la klabu ya mdahalo. Mwalimu Hesbon alikuwa amemfanya msimamizi wa kundi hilo.

Ujumbe wa kwanza ulimchoma moyo. Ulitoka kwa Mueni, msichana aliyehamia kutoka Kitui, ambaye siku hizi kila mtu alimsifu.

"Leo ni bamvua, maji yatajaa sana. Njia ya ufukweni haitapitika. Twende Amu mdahaloni saa saba, si saa tisa."

"Mtoto wa bara atufunze bahari?" Huwaida alinong'ona. Akaufuta ujumbe, akamtoa Mueni kundini. Wiki hiyo alikuwa ameshawatoa watatu waliomsifu Mueni.

Harith, mwana wa mvuvi, akaandika: "Huwaida, mwezi mpevu wa jana usiku hukuuona? Ndia ya ufukweni itajaa maji!" Naye akatolewa.

"Saa tisa, bosi!" waliobaki wakajibu mmoja baada ya mwingine. Huwaida akatabasamu. Kumbe wote walikuwa upande wake!

Saa tisa na robo, mawimbi yalikuwa yakipiga ukuta wa njia ya ufukweni. Wasichana sita walisimama, viatu mkononi.

"Nilijua mimi," Safaa, mmoja wao, alisema.

"Mbona hukusema?" Huwaida akauliza.

"Niseme nitolewe?"

Huwaida akageuka, akatangulia. Walizunguka njia ya nyuma, wakikimbia mchangani. Mdahalo ulianza saa kumi, na shule isiyofika zamu yake ikiitwa huondolewa. Walipofika Amu wakihema, saa kumi ilikuwa imepita.

Mueni alikuwa mlangoni na Harith; wao walikuwa wamekuja saa saba. "Nimewaomba waamuzi tuwe wa mwisho. Ingia upesi, mzungumzaji wetu ni wewe!"

Shule yao ilishika nafasi ya pili. Huwaida hakushangilia. Nje ya ukumbi alimweleza mwalimu yote, machozi yakimtoka.

"Nilikupa usimamizi ufute matusi," Mwalimu Hesbon alisema, "si maneno ya watu unaowaonea wivu. Ukiwatoa wote wanaokupinga, utasikia sauti yako tu, udhani ni ya watu wote. Mwombe Mungu akuondolee wivu huo."

Huwaida akawageukia wenzake.

"Mueni, nisamehe. Wallahi, mbele yenu nyote, jioni hii nitawarudisha wote kundini. Na anayenipinga, nitamsoma hadi mwisho kabla sijamjibu."