Kocha Asiyesifu Mtu

Duka la vitambaa lilikuwa limejaa pomoni, na mikono miwili ikashika jora moja la bluu. Mmoja ulikuwa wa fundi cherehani, gauni la njano limemkaa vilivyo, futi inaning'inia shingoni. Wa pili ulikuwa wa kocha wa riadha wa chuo cha jirani. Kocha akaachia.

"Chukua, dada. Mimi nilikuwa natafuta fundi, si kitambaa."

Mwanamume huyo ujanani alikikimbilia chuo hicho mita mia nne mpaka kabati la vikombe likajaa, na alipohitimu akabaki kufundisha. Miaka ishirini na mbili! Klabu kubwa zilimwita, akazishukuru, akarudi uwanjani saa kumi alasiri na ndoo yake ya maji. Hakuwahi kukosa zoezi, hata akiwa na homa. Ila hakuwa mtu wa kusifu. Mkimbiaji akisifiwa mapema, alisema, hubweteka.

Fundi akawa anaishonea timu bukta, wakapendana, na ubahili huo kocha akauingiza kwenye mapenzi. Mwaka wa pili wa uchumba, fundi alimuuliza kwenye simu kama anampenda.

"Unaendelea vizuri," kocha akajibu.

"Kwani mimi mwanafunzi wako?"

Fundi akakata simu. Dada yake alikuwa akimbembeleza siku nyingi ahamie mji mwingine wafungue duka pamoja. Jioni hiyo akamwambia anakuja Ijumaa.

Nahodha wa timu, binti mwembamba mwenye maneno, alifuata bukta kwa fundi akakuta mizigo inafungwa. Alipoelezwa kisa, akacheka.

"Shangazi, neno hilo mimi nimeambiwa mara moja kwa miaka mitatu. Nililia kwa furaha."

"Wewe unataka kikombe, mwanangu. Mimi nataka mume."

Binti akayafikisha maneno hayo uwanjani kama yalivyo.

Ijumaa alasiri kocha akaingia kwa fundi anahema, jasho limelowanisha fulana.

"Nakupenda, mpenzi. Nimekupenda tangu siku ile dukani, nikanyamaza. Kumbe aliyebweteka ni mimi. Naomba nikuoe."

Fundi akatazama saa ukutani. Ilikuwa kumi na robo.

"Nani yuko na wanafunzi?"

"Hakuna. Nimewaacha."

Fundi akakaa juu ya mzigo, machozi yakamtiririka bila aibu. Kisha akachukua simu.

"Dada, hilo duka lifungue wewe. Mimi naolewa."