Uso wa Mkunga

"Sabuni imeteleza," sauti ya Mkuu wake ilisema kwenye simu. Ilikuwa ishara yao: mzigo unakaribia kutoka.

Sindano, mpelelezi, akakata simu. Mbele yake, Wakili wa genge alikuwa anapanda ngazi za ofisi ya forodha, mkoba wa ngozi kaubana kwapani.

Saa kumi kasorobo. Saa kumi kamili kontena la genge lingeachiwa.

Ndani yake mlikuwa na makopo elfu arobaini ya krimu yenye zebaki. Kila kopo lilibeba uso wa msichana anayecheka, uliokatwa kwenye tangazo la sabuni la miaka arobaini iliyopita. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu ulilibandika mtandaoni, watu wakalipenda, genge likapata chambo. Msichana yule sasa ni mkunga mstaafu, na nusu ya mji imezaliwa mikononi mwake. Makopo ya kwanza yalipowachubua watu, lawama zilimwangukia yeye. Jana jirani waliyeishi naye miaka thelathini aliikataa salamu yake. Bibi wa watu akalia mbele ya Sindano, na Sindano akaumia.

Aliingia ofisini akiwa na bahasha, kama karani yeyote. Bastola yake, Beretta, ilikuwa kiunoni.

"Muhuri tu, mzee," Wakili alimwambia Ofisa wa forodha. "Kampuni ya sabuni ilishakufa. Tangazo halina mwenyewe."

"Na uso?" aliuliza Ofisa.

"Kibali hiki hapa. Alisaini mwenyewe mwaka ule ule wa tangazo."

Ofisa alifungua droo. Akaifunga. Akaifungua tena. "Huu wino nao..."

Sindano alimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu anayetafuta wino dakika tano anasubiri bahasha. Huyu kanunuliwa, alijiambia.

Akasogea na kukisoma kibali. Karatasi ilikuwa ya njano, nzuri kabisa. Sahihi nayo ilifanana, herufi kwa herufi, na ile ya kitambulisho cha bibi.

Hapo ndipo genge lilipojikwaa.

"Wakili, hili jina la mwisho ni la nani?"

"La mumewe. Wewe nani?"

Sindano akatoa cheti cha ndoa kwenye bahasha. "Bibi aliolewa miaka sita baada ya tangazo. Alisainije kwa jina la mume ambaye alikuwa bado hajaolewa naye?"

Mkono wa Wakili ukazama mkobani. Sindano akaigusa Beretta.

Pu!

Muhuri wa chuma wa Ofisa ulitua juu ya mkono ule ulipokuwa unachomoka. Bastola ndogo ikaanguka sakafuni, Wakili akapiga yowe. Mgongoni mwa kiganja chake yalikuwa maandishi mekundu: IMEZUIWA.

"Wino ulikuwepo," Ofisa alisema. "Mkuu wako aliniambia utakuja; nilikuwa nakusubiri wewe, dada. Wanangu wote watatu wamezaliwa mikononi mwa yule mama."

Sindano aliona haya. Akamfunga Wakili pingu, akampigia bibi.

"Shikamoo bibi. Kontena limezuiwa. Redio itatangaza jioni kwamba kibali ni cha kughushi."

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo ile picha ni ya nani sasa?"

"Karatasi wagombanie mawakili. Uso ni wako, bibi, mpaka ukatae mwenyewe."

Upande wa pili wa simu, mlango uligongwa. Sindano alimsikia mwanamke akisema, kwa sauti ndogo, "Hodi, jirani."

Akakata simu, akarekebisha kofia, akashuka ngazi taratibu, Wakili akiwa mbele yake.