Kibuyu Chamrudia Bi Nélida

Kila Jumapili mchana Rosana alikwenda makao ya wazee ya mji wa Salto kumwona mama yake. Kwapani chupa ya maji ya moto, mkononi kibuyu cha kunywea yerba, chai ya majani ya kwao, na mdomoni habari za wiki nzima.

Mama yake, Bi Nélida, alikuwa na miaka themanini na moja. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Alipokutazama usoni alikuona masikio tu. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, ila ule mwanga wa pembeni bado upo.

Zamani nyumbani, mama ndiye aliyeshika kibuyu. Kwao mtu mmoja humimina maji ya moto juu ya majani ya yerba, hunywa wa kwanza, kisha humpa kila mtu kwa zamu. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, ukoo mzima. Aliyetosheka hurudisha kibuyu na kusema "asante". Usiposema, unaletewa kingine. Na Bi Nélida hakuwahi kusema asante kabla chupa haijakauka.

Jumapili hiyo Rosana akamimina, akamwekea mkononi.

"Shika, mama. Taratibu."

Mama akanywa, akarudisha. "Asante."

"Kimoja tu?"

"Kinatosha."

"Jumapili iliyopita pia kimoja. Na nasikia chakula huli, sebuleni hutoki."

"Nikafanye nini sebuleni? Nikae kama gunia la viazi, nilishwe?"

Rosana akakiweka kibuyu chini. Baba yake naye alianza hivi hivi, akikataa hiki, akikataa kile. Majira yale ya baridi hayakuisha akiwa hai.

Akatoka nje ya chumba, akamkuta Washington, mhudumu wa zamu.

"Kaka Washington, mama anafifia. Niongeze nini? Namlisha, namvisha, nammiminia."

"Usiongeze, dada. Punguza."

"Nipunguze nini?"

"Umemnyang'anya kibuyu."

"Ataungua, haoni."

"Kibuyu amekishika miaka sitini. Mikono yake imepofuka lini?"

Rosana akageuka kuutazama mlango wa mama.

"Na sisi hapa tumekosea," Washington akaendelea. "Juzi nilikuwa kwenye mafunzo ya kuwasaidia wasioona vizuri. Nimerudi naona aibu. Twende."

Akabisha hodi. "Bi Nélida, ni Washington. Niko na Rosana, tuko mlangoni."

Rosana akashtuka. Yeye huingia tu na kumkamata mama mkono. Siku zote mama alikuwa akibahatisha ni nani.

Mezani chakula cha mchana kilikuwa kimepoa. Washington akakionyesha. "Tazama, dada. Kitambaa cheupe, sahani nyeupe, viazi vya kuponda, kuku wa kuchemsha. Kwa macho yake hapa mezani hapana kitu."

"Kumbe kulikuwa na kuku?" mama akauliza.

Washington akatafuta sahani ya bluu, akahamishia chakula. "Bi Nélida, kuku yuko upande wako. Viazi viko upande wa dirisha." Mama akageuza kichwa kidogo, akatumia pembe ya jicho, akala mwenyewe. Rosana mkono ulimwasha kumsaidia. Akaukalia.

Kisha likaja somo la kibuyu. Sinia yenye kingo. Kibuyu katikati, chupa kulia, na asiyehusika asihamishe kitu. Wakaanza na maji baridi.

"Mkono wa kushoto ushike kibuyu," Washington akasema. "Mdomo wa chupa uguse ukingo, ndipo umimine. Polepole, huku unasikiliza. Maji yakipanda, mlio unabadilika."

Mama akamimina. Maji yakafurika.

"Nimemwaga?"

"Kidogo. Yamenywewa na sinia."

"Haya. Mradi sinia haijasema asante."

Rosana akacheka mpaka akakaa kitandani. Mwezi mzima hakuwa amemsikia mama yake akitania.

Wiki nzima Bi Nélida na Washington walifanya mazoezi. Baridi kwanza, kisha vuguvugu, kisha moto wa kunyweka, si wa kuchemka.

Jumapili iliyofuata Rosana hakumvuta mama mkono. Alimpa kiwiko, mama akakishika, akafuata nyuma hatua moja. "Kizingiti hapa, mama." Wakaingia sebuleni. Wazee sita wakaketi duara, na sinia ikawekwa mbele ya mwenyewe.

Bi Nélida akashika, akagusisha, akasikiliza. Akanywa wa kwanza, uso ukamkunjuka. Akajaza tena. "Wa kwanza upande wa kulia nani?"

"Aníbal."

"Shika, Aníbal. Na usikoroge mrija, nakujua."

Kila aliyepokea alitaja jina. Mzee mmoja akainuka kimya. Mama akageuza sikio. "Nani huyo anaondoka kama paka? Mtu akitoka aage, nisije nikawapa viti yerba."

Wakacheka wote. Chupa ya kwanza ikaisha, Rosana akakimbia jikoni kuijaza mara ya pili. Kibuyu kikazunguka, kikazunguka. Rosana akafika cha tisa. Tumbo limejaa mpaka shingoni.

"Rosana, kibuyu kimekaa sana kwako. Ulikuwa unataka kusema kitu?"

Rosana akautazama ule mkono wa mama umeshika chupa, unangoja.

"Sina la kusema, mama. Mimina."